Kompresa Mbili

Studio yangu ni chumba cha uani, Mkuti, Masasi,
futi nane kwa tisa, mlango wa bati.
Ukutani nimegongomea magunia ya korosho
yaliyotoboka, niliyopewa ghalani msimu ulipoisha.
Yanakunywa mwangwi vizuri,
ila siku za joto yanatema vumbi la salfa
na waimbaji hupiga chafya katikati ya kiitikio.

Dirishani godoro. Pembeni ya godoro, ukuta.
Nyuma ya ukuta, jokofu la mama.

Jokofu hilo ndilo lililoninunulia kompyuta:
barafu za ukwaju, barafu za bungo, mia mia.
Ndilo linalolipa luku ninayoimaliza mimi.
Sina ulimi wa kuliambia linyamaze.

Somoe alikuja Jumapili, siku asiyobangua.
Ncha za vidole nyeusi, mafuta ya maganda yamezila,
akaikwepa maikrofoni asije akaitia doa.
"Nisimame wapi?"
Hapo, kwenye kipande cha mkeka.
"Nifumbe macho?"
Ukipenda.
Akauimba mara moja tu, wimbo alioutunga kiwandani,
kwa kasi ya korosho hadi korosho.
Nilipopima: midundo tisini na miwili kwa dakika,
hakuteleza hata mmoja. "Mikono imezoea," akasema,
akaenda zake kufua.

Usiku nikavaa hedifoni.
Sauti yake ilikuwepo. Na jokofu lilikuwepo,
chini ya kila neno, chini ya kila pumzi,
mmmmm,
kama mgeni aliyeaga na hajaondoka.
Nikaikata sauti chini: Somoe akapoteza kifua.
Nikaziba palipo kimya: jokofu likawa linaingia na neno,
linatoka na neno, mtoto anachezea swichi.

"Mama, kesho nilizime nusu saa?"
"Nusu saa, mchana, Masasi hii!
Niuze barafu au niuze uji?"

Nikarudi kukaa.
Ndani ya jokofu mna kompresa.
Ndani ya kompyuta yangu mna kompresa.
Ya mama inabana gesi ili ukwaju ugande,
yangu inabana makelele ili mnong'ono upande.
Nyumba nzima kazi yetu kubana:
mama na matumizi,
mimi na sauti za watu,
na huyu Somoe, meno, siku maganda yanapomrukia.

Ndipo nikalisikiliza jokofu lenyewe, bila kinyongo.
Nikagusagusa kinanda mpaka nikalipata:
sol, ile ya chini kabisa, imezidi kidogo,
theluthi ya nusu toni.
Na Somoe, sijui kama alijua,
kila mwisho wa mstari alikuwa ametua pale pale.
Robo saa nzima aliegemea ukuta ule
akinisubiri nifungue mafundo ya nyaya.
Sikio lilikwisha kuchukua.

Nikakipandisha kinanda kiwafuate wawili hao.
Besi sikuweka. Besi ilikuwepo.

Kuumasta, nikaupitisha kwenye spika za watu:
simu ndani ya sufuria, redio ya kinyozi,
bodaboda ya Abilahi, yenye spika chini ya kiti;
tukapanda nayo hadi Mtandi,
mwamba ukaturudishia kiitikio kimechelewa.
Kila kituo nikaandika kiganjani:
juu kali, punguza. Katikati sawa. Chini,
chini usiguse.

Alhamisi mchana mama alikuwa kibarazani
na simu yangu mapajani, wimbo ukijirudia.
Hakusema kitu. Mguu wake ulikuwa unajibu.
Umeme ulikatika saa saba; hakuna aliyetambua,
maana jokofu lilisikika likinguruma,
taratibu, pale pale kwenye sol yake,
ndani ya simu.

Barafu arobaini ziliyeyuka.
Ananidai elfu nne.
Somoe kasema nusu atalipa yeye,
kwa kuwa siku ile hakuimba peke yake.